Moto Yenye Ilikufa: Ununue ao Uache?

Ndugu musomaji, na wewe mama wa nyumba, na wewe kijana mwenye ulimaliza masomo lakini kazi haijaonekana: leo magaribi tembea polepole mu kartie yenu na uhesabu. Nyuma ya nyumba ngapi utaona moto yenye imeegama ku ukuta, pine hazina upepo, kuku wanalala juu ya kiti? Huku kwetu Kolwezi nilihesabu mu barabara tatu tu, nikapata saba. Ninaandika "moto" sawa vile sisi wote tunasema, hata kama vitabu vya Tanzania vinaandika "pikipiki." Na jina linafaa, maana ile kitu inaweza kuunguza franga ya nyumba mbio kuliko moto wa makala.

Kila moja ya zile saba iko na mwenyewe, na yule atakuambia: "Haiko na mambo mingi, ni buji tu." Na kila moja iko na kijana mwenye anaipita asubui na magaribi na anaiwaza. Ninajua yale mawazo, juu kijana mumoja wa namna hiyo analala mu nyumba yangu.

Mutoto wetu wa pili alipata diplome yake ya Serikali akiwa na miaka 19. Franga ya kumutuma ku iniversite haikuwa. Mushahara wa muchungaji munaujua, tuuache. Alikaa ku nyumba mwaka muzima. Rafiki zake wawili walikuwa wanashuka mu mashimo ya kobalti, na siku ya posho walikuwa wanapita ku mulango wetu na viatu vipya. Wewe mwenye unaishi mu eneo la migodi, hakuna lazima nikufasirie mengi. Unakumbuka Kasulo, namna mu mwaka wa 2014 mutu alichimba mu kiwanja chake na kukuta mawe ya kobalti, na namna kartie ile ilijaa mashimo mpaka ndani ya vyumba. Unakumbuka tena mwezi wa 6 mwaka wa 2019, wakati udongo uliangukia wachimbaji karibu na Kolwezi na zaidi ya 30 walikufa. Mama yake alikuwa anakumbuka ile kila magaribi wakati mutoto alichelewa kurudia.

Basi, mwezi wa 5 mwaka wa 2023, mutoto alikuja kuniambia: "Papa, kuko moto moja ku Musonoi, haitembei, mwenyewe anaiuzisha. Tunaweza kuinunua na kuitengeneza." Sikumujibu ndiyo, sikumujibu hapana. Nilimuuliza kwanza: ni moto ya namna gani?

Usiseme lile ni ulizo la watu wa garashi tu. Moto yenye ilikufa haikuombe franga ya leo tu, itakuomba piesi kesho na kesho kutwa, na piesi inapaswa kuwa ku soko yetu, hapa, si ku Japani. Kijana mumoja wa kanisa letu alipata kwadi, ile ya mapira ine, kwa bei ya kicheko. Nguvu iko nayo, uzuri uko nao, watoto wote wa kartie walikimbia kuiona. Lakini mukanda wenye unazungusha mapira ulikatika, na hakuna mutu wa hapa mwenye anauzisha mukanda wa namna ile. Kwadi inakaa chini ya muembe mwaka wa tatu sasa. Watoto hawakimbie tena kuiona, mbuzi njo zinapanda juu yake.

Ile ya Musonoi ilikuwa 125 ya China, na jina lake ku tanki lilikuwa limefutika. Hapo moyo wangu ulitulia kidogo, na sababu iko hii. Mu mwaka wa 1976 kampuni ya Honda ilitosha moto yenye kuitwa CG125. Waliifanya juu ya inchi kama zetu, pahali kwenye moto inabeba mizigo kupita kipimo, mafuta haibadilishwe kwa wakati, na vumbi haiishe. Walitia motere nyepesi kufungua: supapu zake zinasukumwa na vijiti viwili, haiko na sheni ya ndani yenye inalegea. Kisha viwanda mingi vya China vilifuata ile motere. Njo maana moto mingi zenye unaona mu barabara zetu, hata kama majina ya ku tanki ni mbalimbali, kule ndani ni ndugu wa tumbo moja. Pistoni ya mumoja inaingia mu mwingine. Ku soko utapata mutoto wa miaka 14 mwenye anajua piesi zake zote kwa macho. Kwa hiyo, kati ya moto ya bei ndogo yenye hakuna mutu anaijua, na ile ya kawaida yenye bei imepanda kidogo, chukua ya kawaida. Acha majirani wacheke.

Ulizo la pili lilikuwa juu ya karatasi, na hapa ninaomba wazazi wasome polepole.

Ile moto ilikuwa ya mume wa mama mumoja mujane. Karte roze ilikuwa na jina la marehemu. Mutoto alisema, "Papa, karatasi iko, njo ile." Nilimujibu kama karatasi iko, lakini mwenye jina hayuko. Sisi watu wa huku tunajua mambo ya mali ya marehemu. Leo mama anakuuzishia na moyo safi. Kisha miezi sita, wakati moto imengaa na inatembea, shemeji yake anaonekana na wanaume wawili anasema ni ya kaka yake, nani aliuzisha? Na wewe umekwisha kutia ndani yake kila kitu. Kwa hiyo tulimungoja yule shemeji mpaka akatoka Likasi. Tuliandika karatasi ya mauzisho: jina la mama, jina la shemeji, watoto wakubwa wawili wa marehemu, shahidi mumoja wa upande wetu, na muhuri wa shefu wa kartie. Ilituchukua siku kumi na moja. Mutoto aliona ni kama miezi kumi na moja.

Na namba. Ku shingo ya moto, pale gidoni inazungukia, kuko namba yenye ilipigwa ndani ya chuma. Chukua kitambaa na esanse kidogo, pangusa rangi na uchafu, kisha soma namba moja moja na uilinganishe na karte roze. Ingine iko ku motere, chini. Kama ile ya shasi imekwanguliwa na lime, ao imepigwa upya na herufi zenye zinapanda na kushuka, shika mutoto mukono na murudie ku nyumba. Usibishane na mutu, usiulize sababu. Moto ya wizi inaweza kutembea vizuri sana, mpaka ku barazi ya polisi.

Sasa kuangalia moto yenyewe. Mimi si fundi. Masomo yangu ya Biblia hayakugusa karburateri. Lakini kuko muzee mumoja hapa kwetu, alikuwa turneri miaka 31 mu atelie ya migodi, sasa yuko na atelie yake ndogo nyuma ya nyumba. Nilimuomba atusindikize. Ninakuambia kweli, kama hauna muzee wa namna ile, mutafute mbele ya kutafuta moto.

Muzee hakuangalia rangi. Alishika kiki kwa mukono, si kwa muguu, akaisukuma polepole. "Kama inagoma kabisa," akasema, "pistoni imeshikana na silindri. Kama inashuka bila nguvu, sawa mulango wenye hauna kitasa, pumzi imeisha. Hii inashuka na choyo kidogo." Akatosha buji, akamuambia mutoto afunge tundu na kidole, akapiga kiki. Pumzi ilitoka, lakini pumzi ya mugonjwa. Kisha akamimina mafuta ya motere mu lile tundu, kipimo cha kijiko cha chai, akapiga kiki mara kidogo, na akaomba kidole tena. Sasa pumzi ilisukuma kidole mpaka kikaruka.

Wewe kijana, shika hapo. Kama mafuta inaongeza pumzi, ugonjwa uko ku segma na silindri, maana mafuta imeziba nafasi yenye iko kati yao. Kama haiongeze hata kidogo, basi waza supapu. Hii yetu ilikuwa segma. Na sababu ilionekana mbio: sanduku la filtri ya upepo lilikuwa wazi, ndani hakuna kitu. Fundi mumoja alikuwa ameitosha "juu ya kuongeza nguvu." Munajua vumbi ya Kolwezi mu kiangazi, namna kamio moja ikipita hauone mutu wa mbele. Ile vumbi yote ilikuwa inaingia mu silindri na kusaga chuma sawa jiwe la kunolea kisu. Hakukuwa na uchawi wala laana juu ya moto ya marehemu, sawa vile majirani walikuwa wanasema. Ilikuwa sponji yenye kukosa, ya bei ndogo.

Alifungua pia kifuniko cha chini na kuacha mafuta itoke mu beseni. Kama inatoka na vipande vya chuma vyenye vinangaa, kuko kitu kinakufa mule ndani. Kama ni nyeupe sawa maziwa, maji iliingia. Yetu ilikuwa nyeusi sawa kaniki lakini haikuwa na vipande. Akaangalia shasi karibu na shingo kama kuko soduri mupya, maana pale njo inapasuka wakati moto imeanguka ao imebeba kupita kipimo. Mwisho akasimama nyuma, akafunga jicho moja, akaangalia kama mapira mawili yanafuatana. Cheche ya buji tuliijaribu mbali na beseni na mbali na tanki. Ilikuwa ya bluu. Taa, kiti, viyoo, pine, vyote vilikuwa vibaya, na muzee hakupoteza hata dakika moja juu yao. "Vile vinaonekana," akasema. "Kitu chenye kinaonekana hakidanganye mutu."

Sasa niambie, wewe ungefanya namna gani pahali pangu? Yule mama alikuwa anaomba dola 150. Watu wawili walikuwa wamekuja mbele yetu, wakamuambia moto imekufa kabisa, wakamutolea 100. Sisi sasa tulikuwa tunajua haikufa. Kila kitu kikuukuu chenye kinauzishwa kiko na ile dakika moja, wakati munuzi anajua na mwenye kuuzisha hajui. Nilimufasiria mama vile muzee aliona, neno kwa neno. Alisikia, alishukuru sana, akapandisha bei mpaka 180. Mutoto aliniangalia na macho ya mutu mwenye ameibiwa mu njia. Tulilipa 180.

Ile ilikuwa bei ya kwanza. Kuko bei ya pili, na ni ile njo inaua watu. Ile siku ya posho tulichukua kaye ya masomo ya zamani, tukapiga mustari kati ya ukurasa, na mutoto akaandika kila kitu chenye kitahitajiwa, na bei yake kutoka ku soko, mbele ya kushika hata kle moja. Bwana Yesu aliongea juu ya mutu mwenye alianza munara bila kuhesabu. Zile moto saba za kartie yetu ni ile minara. Mingi hazikufa juu ya ugonjwa mukubwa. Mutu alifungua motere, akakuta franga imeisha, akaweka bulo mu kopo ya maziwa, kopo ikapotea. Moto yenye imefunguliwa nusu ni mbaya kuliko yenye haijaguswa, maana mutu mwingine hawezi tena kuipima, na bei yake inaanguka.

Kwa hiyo tulipatana: hatufungue kitu chenye hatuna franga ya kukifunga. Tulianza na vidogo. Tanki ilikuwa na kutu. Mutoto alitia ndani vijiwe vidogo, sabuni na maji, akaitingiza siku nzima mpaka dada zake wakakimbia makelele, kisha akaisafisha na kuikausha ku jua. Karburateri ilikuwa imeziba, juu esanse yenye inalala miaka inageuka ulimbo. Alijaribu kuifungua na sindano, muzee akamupigia kelele: vile vitundu vina kipimo chake, ukivipanua na sindano moto itakunywa esanse sawa mulevi. Mwishowe tulinunua ingine. Sheni na pinyo vilibadilishwa pamoja, maana meno ya pinyo ya zamani yalikuwa yamepinda sawa meno ya musumeno, na sheni mupya juu ya meno ya namna ile haimalize miezi mingi.

Mwezi wa 7 franga iliisha. Ilibakia kazi kubwa: kuchonga silindri na kununua pistoni, karibu dola 45 kwa jumla. Kanisani ilikuwa kipindi cha matanga mingi na sadaka ndogo. Mutoto aliangalia ile moto wiki mbili. Kisha asubui moja hakuwa mu nyumba.

Alienda siku tisa. Hakushuka mu shimo. Alikuwa ku mutoni, anasafisha mawe pamoja na wale rafiki zake, miguu mu maji tangu asubui. Alirudia na dola 38 na ngozi ya vidole imetoka. Alituambia walikuwa wamesafisha mifuko mingi, lakini munuzi alikuwa na mizani yake, na yeye mwenyewe njo alikuwa anaisoma.

Aliweka ile franga ku meza. Mama yake hakuigusa. Alisema pistoni haitanunuliwa na ile franga, na kama ikinunuliwa, yeye hatapanda juu ya ile moto hata siku ya ugonjwa. Mimi niliwaza mbalimbali: mutoto alitoka jasho, hakuiba, na kazi ya kusafisha mawe si zambi. Bibi yangu alinijibu, "Papa, tukikula ya leo, kesho akisema anashuka chini, tutakuwa na kinywa gani cha kukataza?" Nilikosa jibu. Tuko wazazi wa mu eneo moja, munajua ile mabishano inafanywa mu sauti ya chini, usiku, na mutoto yuko anasikia kupitia ukuta. Mpaka leo hatuko na wazo moja juu ya ile. Kama nyinyi mulipata jibu ku nyumba yenu, basi muko mbele yetu.

Muzee njo alifungua njia, na hata hakujua kama tulikuwa na shida ile. Aliomba mutoto aje mwezi moja kumupangia atelie: vyuma vya miaka yote, kuchagua, kupangusa, kuandika vipimo. Malipo yake yatakuwa kazi ya silindri. Mimi nikapata franga ya pistoni na segma. Zile dola 38 zilikaa mu kopo ya sukari mpaka mwezi wa 9, kisha siku moja moto ilikuwa na pine mbili mupya, na hakuna mutu aliuliza. Mama anajua. Wakati tunataja ile moto, anasema tu, "Lakini miguu yake haikuwa yetu."

Juu ya silindri, neno moja la faida. Ya 125 ya namna ile iko na upana wa milimetre 56,5. Ikikwisha kulika, haitupwe. Inachongwa kidogo, na kunatiwa pistoni yenye iliongezwa: 0,25, ao 0,50, ao 0,75, mpaka milimetre 1. Lakini nunua pistoni kwanza, umupelekee turneri ku mukono, ili achonge akifuata ile pistoni. Mafundi wengine wanachonga kwanza, kisha wanakutuma ku soko, na pale soko inakupa yenye iko, si yenye inafaa. Muzee alipima mara ine. Mutoto alikuwa amesimama pembeni na taa. Mwezi ule alijifunza kusoma kipimo cha sehemu za milimetre, kitu chenye masomo hayakumufundisha, ao yalimufundisha ubaoni tu.

Moto iliwaka siku ya posho moja ya mwezi wa 10, ku kiki ya tisa. Moshi mwingi, mbwa wote wa kartie, na bibi yangu mu mulango na mwiko ku mukono. Kwa kilometre za kwanza 500 haikukimbizwa hata kidogo, maana segma mupya zinapaswa kuzoeana na silindri, na mafuta ya kwanza ilimwangwa mapema. Vijana wanachoka sana na sehemu ile. Wanapenda kujaribu nguvu siku ya kwanza, na siku ya kumi wanarudia kwa turneri.

Mwezi wa 11 mwalimu mumoja wa Luilu aliinunua kwa dola 580. Mutoto hakutaka kuiuzisha. Alisema anataka kufanya taksi. Mama yake alikataa, na hapo mimi na yeye tulikuwa na sauti moja, juu tumezika vijana wa taksi wawili mu miaka mitatu, na barabara ya makamio haina huruma. Alikubali na uso wenye kufunga.

Kisha aliketi na kaye, akajumlisha, na ninakuandikia jumla yake sawa vile iko: moto 180, pistoni, segma na vipande vyake 25, pine na shambreri 48, sheni na pinyo 20, karburateri 14, batri 15, waya na taa 12, freni 8, rulema 10, mafuta, filtri na buji 13, kiti 10, karatasi pamoja na safari zake 55. Yote pamoja 410. Ilibakia 170. Akagawanya kwa miezi saba, akapata 24 na kitu. "Papa," akasema, "dola 24 ku mwezi. Ku mutoni nilipata 38 ku siku tisa." Sikuwa na hesabu ya kumujibu, maana hesabu yake ilikuwa ya kweli. Kama mutu anakuambia kununua moto yenye ilikufa ni njia ya kupata mali, muombe kaye yake.

Lakini kuko kitu chenye kaye haikuandika, juu hakukuwa mustari wake. Yule mwalimu alionyesha moto yake kwa walimu wengine. Mwezi wa 12 mumoja alileta yake, ilikuwa inatoa moshi ya bluu. Mutoto alisikiliza, akatosha buji, akaomba kijiko cha mafuta. Mwezi wa kwanza walileta tatu. Sasa siku ine za wiki yuko ku atelie ya muzee, na muzee, mwenye macho imepunguka, anamuacha asome vipimo na kumuambia kwa sauti. Mapato yake si mengi, wiki ingine hakuna kitu. Mumoja wa wale rafiki zake anakuja kukaa naye ku atelie, anashika taa. Mwingine angali anashuka. Mama anaomba kwa ajili yake na majina yote mawili.

Na moto ya pili iko hapa. Mutoto aliinunua yeye mwenyewe, dola 120, 125 ya namna ileile, karatasi imesimama vizuri, namba nimeisoma na macho yangu. Imeegama ku ukuta mbele ya dirisha yangu, na kuku wameanza kuijaribu. Kiki yake inagoma kabisa. Muzee amesema timimine mafuta ku tundu la buji, tuiache siku tatu bila kuilazimisha, kisha tuigusege polepole kwa mukono. Leo ni siku ya pili.